Majivu kwenye Mizizi ya Rododendroni

Mjukuu wangu anasoma biolojia hapa Goma. Chumba anachopanga hakina uwanja, kwa hiyo alileta mmea wake wa maua kwangu Keshero, ukiwa kwenye chungu. Ulikuwa rododendroni, na kazi yake ya kumaliza masomo ilitegemea chungu hicho. Rododendroni nyingi, alinieleza, zina kromosomu ishirini na sita katika kila seli, seti mbili za kumi na tatu. Hii ilikuwa na majani manene mno. Alishuku ina seti nne. Ili azihesabu alihitaji ncha za mizizi michanga, maana huko seli hugawanyika na kromosomu huonekana.

"Tate, usiiguse," aliniambia; tate kwetu ndiye babu. "Maji ya mvua tu."

Mimi nina diploma ya sekondari na migomba inayozaa juu ya lava. Kila asubuhi huipa migomba hiyo majivu ya makala kutoka mbabula, jiko letu la makaa. Nikauhurumia mmea wa mtoto. Nikaupa viganja viwili, kesho yake viwili tena, wiki nzima.

Majani yakawa ya njano. Mke wangu aliyatazama majivu kwenye chungu, akanitazama mimi.

"Muzee, na hii uliipikia?"

"Ni jua."

"Jua ya Keshero inaachaka majivu?"

Nilicheka, lakini sikumpigia mtoto simu. Nilinyamaza siku tano, na siku hizo ninazijutia kuliko majivu yenyewe. Alipokuja kukata mizizi, ncha zote zilikuwa nyeusi. Ndipo nikasema yote.

"Rododendroni inapenda udongo muchachu, Tate! Majivu inaua ule uchachu. Uliilisha sawa mugomba!"

"Mugomba haujalalamika hata siku moja."

"Mugomba haina kazi ya kutoa kwa profesa."

Alicheka, kisha akageuka kufuta macho. Zilibaki wiki sita awasilishe kazi yake.

Tuliosha mizizi kwa maji ya mvua, tukaipanda upya katika udongo wa chini ya misonobari ya jirani. Wiki ya nne vikatoka vizizi vitatu vyeupe. Alivikata mwenyewe. Mimi nilikatazwa hata kukaribia.

Siku tatu baadaye alipiga simu. "Hamsini na mbili! Seti nne, Tate!"

Nikamuuliza kama nimo kwenye ukurasa wa shukrani.

"Hapana. Uko kwa ile sehemu ya magumu tuliyokutana nayo."

Katika nakala aliyoniletea ameandika kwamba majivu yaliingia kwenye chungu kwa bahati mbaya. Nimeshika kalamu, nikaandika pembeni: haikuwa bahati, nilikuwa mimi.