Vijiti Saba vya Mwaridi

Baba yangu ni fundi saa, na fundi saa hawezi kukiamini kitu ambacho hajakifungua. Redio ikikwaruza, anaifungua. Pasi ikichelewa kupata moto, anaifungua. Mume wangu alipomletea feni mpya, aliifungua kabla hata haijawashwa, na skrubu moja mpaka leo hatujui ilikokwenda.

Kwa hiyo mchwa walipouvamia mwaridi alioupanda mama nyuma ya jiko, mwaka mmoja baada ya mama kufariki, nilijua tumekwisha. Jirani yetu mkunga, mpenda bustani, alisema shina lile halifai tena. Akatukatia vijiti saba vilivyokuwa bado vizima, akavipanda kwenye makopo ya rangi, akatuonya tuvipe maji kidogo kila asubuhi, kisha tuviache. Wiki sita, alisema. Visiposhika, waridi la mama ndiyo basi tena.

Tuviache! Kamwambie hayo mtu mwingine. Baba alihamishia kigoda chake uani. Anakaa, anainuka, anayazunguka makopo, anachoma udongo kwa kidole, anamimina maji, anajuta, anainamisha kopo maji yatoke. Mimi naishi mtaa wa pili, nikawa napita kwake mara tatu kwa siku. Siku ya nne nilimkuta amechomoa kijiti, lenzi ya kazini jichoni, anatafuta mizizi. Akakirudisha taratibu, lakini baada ya siku mbili kikawa cheusi. Nilimjia juu, akaapa hatarudia. Kesho yake akachomoa cha pili.

Wiki ya tatu kilibaki kimoja, nami nilikuwa roho juu; hata sokoni nilikuwa naenda mbio na kurudi mbio. Mchana mmoja nikaingia uani nikamkuta ameshakikamata. Nilikuwa na maneno ya kumtosha mwezi mzima. Ila alikuwa amekishika tu bila kukivuta, kwa mikono ambayo huwa inashika springi nyembamba kuliko unywele.

"Mama yako naye nilimfanyia hivihivi," akasema. "Kila akisinzia namwamsha, nione kama bado yupo. Akaniomba nimwache alale. Sikuweza."

Akakiachia kijiti, akalisukuma kopo kwangu kwa mguu. "Lipeleke kwako. Mimi sijiamini."

Nikalibeba. Basi kila jioni akawa anakuja kukaa barazani kwangu, mikono ameikalia, anauliza kama nimemwagilia, kiasi gani, kwa kikombe kipi. Alinichosha, sisemi uongo.

Wiki ya sita kikachipua jani moja jekundu, dogo kuliko ukucha wa mtoto. Baba akavaa lenzi, akapiga magoti. Nikasogea karibu, tayari kumdaka mkono. Alitazama muda mrefu, mikono ameifunga nyuma.

"Lala tu, mama watoto," akasema, akarudi kukaa.