Dakika Ishirini kwenye Mshipa wa Ng'ombe

Saa mbili kasoro robo asubuhi, nyuma ya duka la vitenge mjini Muyinga, ng'ombe amelala chini, shingo ameikunja ubavuni. Alizaa jana mchana. Leo hawezi kusimama. Masikio yake yamepoa na pua imekauka.

Letisia, daktari wa mifugo, amepiga magoti kwenye tope. Mkono wa kushoto umeshika chupa ya kalsiamu, juu kidogo tu ya shingo ya mnyama. Wa kulia umebana stetoskopu nyuma ya mguu wa mbele, mahali unaposikika moyo. Mpira mwembamba unatoka kwenye chupa hadi kwenye sindano iliyochomwa katika mshipa mkubwa wa shingo.

"Veterineri, inua hiyo chupa," anasema Abubakari, mwenye ng'ombe. "Iko inakufa, mi naona."

"Nikiinua, mzee, nitamuua mimi."

Abubakari anazunguka zizi. Anavua kofia, anaivaa tena. Ng'ombe huyu humpa lita kumi na nne kwa siku, na nyumba tano za jirani hunywa maziwa yake. "Bon, kama dawa ni nzuri, si uitie yote? We unangoja nini?"

 Midomo ya Letisia inahesabu mapigo.

Ana miaka arobaini na mmoja, na kutulia humshinda. Akihojiwa na mwandishi wa habari hii husimama, hutazama barabara, huketi, husimama tena. Petroli imeadimika, pikipiki yake iko chini ya turubai wiki ya tatu sasa, naye huwafuata wagonjwa kwa baiskeli, wakati mwingine kilomita ishirini za kwenda tu.

Ugonjwa huu huitwa homa ya maziwa, ingawa mwili wa ng'ombe huwa wa baridi. Anapozaa, kalsiamu iliyo kwenye damu hukimbilia kiwele kutengeneza maziwa. Mifupa huchelewa kuirudishia damu. Misuli hukosa nguvu, na moyo nao ni msuli.

"Watu hudhani nikichoma shingoni dawa inaenda moja kwa moja miguuni," anasema Letisia. "Damu ya shingoni inashuka kwanza moyoni. Moyo unaisukuma mapafuni, inarudi moyoni, ndipo inatawanywa mwili mzima. Kwa hiyo anayeonja dawa yangu wa kwanza ni moyo. Ukimpelekea kidogo kidogo, anaipitisha. Ukimwaga yote kwa mara moja, anaacha kupiga."

Alijifunza hayo shuleni. Kuyajua hasa, aliyajua Nyarusange, huko Gitega, miaka tisa iliyopita.

Letisia alikulia kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, Tanzania. Aliporudi Burundi, lori lilimleta pamoja na Josefina, jirani yake wa kambini. Josefina alipata shamba Nyarusange na, baada ya miaka, ng'ombe mmoja. Ng'ombe huyo alipoanguka baada ya kuzaa, alimwita Letisia, aliyekuwa na mwaka mmoja kazini.

Siku hiyo alikuwa na wagonjwa wengine wawili wanaomngoja. Aliinua chupa juu kabisa ya kichwa chake. Dawa ilikwisha kwa muda mfupi. Ng'ombe alitetemeka, akajinyoosha, akafa.

"Josefina aliniuliza, 'Ni ugonjwa, dada?' Nikamwambia ndiyo, ni ugonjwa. Akanishukuru kwa kujaribu. Akanipa ndizi za kubeba."

Miezi miwili baadaye Letisia alihamia Muyinga. Watu aliwaambia amefuata kazi.

Zizini, dakika ya kumi na mbili, mkono wa Letisia wenye chupa unashuka ghafla. Mapigo yameanza kupotea, moja hapa, moja pale. Anabana mpira na kusubiri. Abubakari naye anasimama.

"Kuna nini?"

"Moyo umeniambia ningoje, mzee. Tungoje."

Dakika mbili zinapita. Anaachia mpira, matone yanaanza upya, polepole kuliko mwanzo. Dakika ya ishirini chupa imekwisha. Ng'ombe anatetemeka mapajani, anacheua kwa sauti, pua inatoa unyevu. Baada ya nusu saa anainua mgongo, anayumba, anasimama. Abubakari anageuka ukutani na kujifuta uso kwa kofia yake.

Letisia hafurahi kwa muda mrefu. Anaosha mpira huku akimwambia mwandishi, "Habari ya Nyarusange iandike, na jina langu liweke. Lakini nipe mpaka Jumapili. Nataka Josefina aisikie kutoka kinywani mwangu."

Jumamosi alipata nafasi juu ya lori la maharage hadi Gitega mjini, kisha akatembea. Alimkuta Josefina akipalilia. Alimweleza akiwa wima, kwa sababu kuketi kulimshinda.

Josefina aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari. Kisha akasema, "Miaka tisa nimekuwa nikijilaumu kwamba nilimlisha vibaya."

Letisia alilia. Josefina hakumbembeleza. Aliweka jembe chini, akamwongoza nyuma ya nyumba, kulikofungwa ng'ombe mwingine mwenye mimba.

"Sasa unajua kuifanya kazi hiyo?"

"Najua."

"Huyu atazaa mwezi ujao. Uje wewe."

Letisia amerudi Muyinga na ameshaweka chupa mbili za kalsiamu kwenye begi. Tarehe ya kuzaa ni tarehe kumi na nane. Yeye ataondoka tarehe kumi na tano. Kama lori halitapatikana, anasema, ataondoka kumi na nne, kwa baiskeli.