Muhula Mama Alipoenda Shule

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani Kianjokoma kumsaidia mama kupanga stoo, na kile kiondo kikaniangukia. Kilikuwa kimening'inia kwenye msumari juu ya magunia, kimejaa mbegu za maharagwe, nazo zikamwagika zote na kubingirika hadi kwenye kona. Ningekuwa na miaka saba ningepiga mayowe mpaka majirani watoke kwenye majani chai. Sasa nina ishirini na sita. Nilipiga magoti nikaokota moja moja, hata zilizopasuka, kisha nikakaa juu ya gunia na kiondo mapajani, nikikizungusha. Nataka kukueleza habari za kiondo hicho. Nakiri mapema kwamba ukurasa huu nimeuanza mara tisa.

Nilikuwa mtoto mgumu. Sisemi mtundu, maana watoto watundu huchekesha watu. Mimi nilikuwa nauma. Herufi ikipinda nilifuta mpaka karatasi itoboke, ikitoboka nachana kitabu, na jirani yangu wa dawati akicheka namng'ata mkono. Nyumbani, uji ukiwa na donge moja nilimwaga wote. Kamba ya kiatu ikiwa ndefu upande mmoja, siendi shule. Nyanya, mama yake baba, ambaye tuliishi naye, alinitibu kwa thabai, yale majani ya kuwasha yaliyoota kando ya mto. Alinichapa nayo miguuni huku akisema, "Huyu alizaliwa akiwa tayari amekasirika." Thabai iliwasha, nami nikazidi.

Nikiwa darasa la pili, mwanzoni mwa muhula wa pili, mwalimu alimwita mama akamwonyesha mkono wa jirani yangu wa dawati. Meno yangu yalikuwa yamejipanga pale kama mhuri wa chifu. Jumamosi baba alikuja kutoka Embu mjini, alikokuwa mlinzi, na wakubwa wakakaa jikoni kando ya moto. Mimi nilikuwa nje, nimebandika sikio kwenye mbao, moshi ukiniingia puani.

"Mpelekeni Kanyakine kwa shangazi yake," nyanya alisema. "Yule amelea sita, na hakuna hata mmoja anayethubutu kumwangalia machoni."

"Hiyo si sifa, mama," mama yangu akajibu.

"Si sifa? Basi ya kwako ni gani? Ya kulea fisi?"

Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema nipewe muda mpaka shule zifungwe. Nisipotulia, nitaenda Kanyakine.

Shangazi nilikuwa nimemwona mara moja tu, kwenye harusi. Mtoto mchanga wa watu alikuwa analia; shangazi akamtazama, mtoto akanyamaza, na mama yake mtoto pia akanyamaza. Usiku ule sikulala vizuri, na kwa wiki nyingi nilikuwa nikiamka na kupapasa ukuta ili nijue niko kwetu.

Mwalimu alikuwa amemwambia mama kwamba kuna darasa la wazazi walioshindwa na watoto wao. Lilikuwa kila Alhamisi mchana, kwenye chumba cha nasari katika uwanja wa kanisa, na mkufunzi alikuwa nesi kutoka Embu. Mama akakubali. Habari ilifika kituo cha kupimia majani chai kabla ya mama mwenyewe kufika.

"Haiya! Nasikia umerudi nasari," jirani yetu alimwambia mbele ya watu wote. "Utatuletea ripoti fomu?"

"Nitaleta," mama alisema akiweka kikapu chake kwenye mzani. "Na wewe ndiye utaisaini."

Alhamisi, baada ya shule, nilikuwa nikimsubiri chini ya dirisha la chumba kile. Wazazi walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Walikuwa akina mama saba na baba mmoja, mwenye bucha wa pale sokoni, Mwislamu mpole mwenye kofia nyeupe, ambaye mwanawe alikuwa akitoroka nyumbani kila wiki. Siku moja nesi aliwaambia waigize. Mwenye bucha akawa mama, na mama yangu akawa mtoto.

Mama alijitupa sakafuni. Alipiga mateke, kitambaa cha kichwa kikamtoka, akalia kwa sauti niliyoijua vizuri: "Imepinda! Imepinda! Siitaki!" Watu walicheka mpaka kiti kimoja kikavunjika. Mwenye bucha alisimama pale ameshika mikono kama anayeswali, akasema, "Mwanangu, naona umekasirika. Nipo hapa. Ukitulia tutaiangalia pamoja." Nesi akampigia makofi. Mimi sikucheka. Ndiyo mara ya kwanza nilijiona kwa nje, na nilishangaa sana, kwa sababu mtoto yule pale sakafuni hakuonekana mbaya. Alionekana ameogopa.

Msemo wa nesi ulikuwa mmoja: "Moto hauzimwi kwa kufokewa." Aliwafundisha kutazama kinachotangulia moto wenyewe, na kumsifu mtoto papo hapo anapofanya jema, hata liwe dogo namna gani. Hapo ndipo pakawa na kichekesho. Sisi nyumbani tuliongea Kiembu. Kiswahili kilikuwa cha shule, cha redio na cha kwa chifu. Lakini nesi alifundisha kwa Kiswahili, na mama, ambaye hakuwahi kusikia mtu akimsifu mtoto usoni pake, aliyabeba maneno yale kama alivyopewa. Nikifungia mbuzi, alisimama wima, akafuta mikono kwa leso, akatangaza kwa Kiswahili: "Nimefurahi kuona umefungia mbuzi!" Kisha akarudi kwa Kiembu kuniambia nikalete kuni.

Mara ya kwanza nilitazama nyuma nione mgeni ni nani. Nyanya alishika kiuno. "Huyu amepatwa na nini? Anahutubia mtoto?" Kwake yeye, kumsifu mtoto waziwazi ni kumwitia jicho baya, kwa hiyo kila mama aliponisifu, nyanya alinitemea mate kidogo kifuani ili kunikinga. Muhula ule nilikwenda shule nimesifiwa na kifua kimelowa.

Nesi aliwapa pia karatasi yenye vyumba vidogo, ili kila jioni mzazi aweke alama ya siku ilivyokwenda. Ya kwetu ilikaa ukutani siku tatu. Mama alisema mkono uliochuma majani chai tangu asubuhi haukumbuki kalamu. Unachokumbuka ni kiondo. Akafumua sweta yangu ya nasari, ya kijani, na shali nyeusi ya nyanya iliyoliwa na nondo, akaanza kiondo kipya. Kila jioni, githeri ikichemka, alisuka mzunguko mmoja. Siku ya amani, uzi wa kijani. Siku ya vita, mweusi. Nyanya aliuliza mbona kiondo kinasukwa polepole hivyo. Mama akasema hana haraka.

Kitako cha kiondo kilikuwa cheusi chote. Kisha ukaingia mzunguko mmoja wa kijani, ukafuatwa na myeusi mitatu, kisha ya kijani miwili. Jioni nilikaa karibu na mama nikisubiri nione mkono wake utachukua uzi gani. Alikuwa ametambua kinachotangulia moto wangu: ni kosa. Kwa hiyo akaanza kukosea makusudi mbele yangu. Alisukuma chapati ikatoka kama ramani, akaitazama, akasema, "Imepinda. Tutaila tu." Tukaila. Sikuamini kwamba ina ladha ileile.

Wiki moja kabla ya kufunga, nilikuwa na mizunguko mingi ya kijani mfululizo. Siku ile mwalimu alinisimamisha nisome mbele ya darasa, nikaruka mstari, darasa likacheka. Nikachana kitabu vipande viwili. Mkono wa jirani yangu ulikuwa pale pale karibu na mdomo wangu. Niliutazama, nikafumba mdomo mpaka meno yakauma. Jioni mama alisikiliza yote, kisha akachukua uzi mweusi.

Nilivumilia mpaka siku nne zikapita. Hapo nikamwomba, "Mama, ufumue huo. Baba anakuja kesho."

Aliinua kiondo akakisogeza karibu na moto. "Nikifumua huu, na hii minne ya juu yake inaenda. Unataka iende?"

Niliangalia ile minne. Nikatikisa kichwa.

Jumamosi wakakaa tena jikoni, safari hii nikiwa ndani. Baba aliuliza nimeendaje. Mama aliweka kiondo mapajani mwa nyanya. Sasa, nyanya hakuwahi kusoma karatasi, lakini kiondo alikisoma kwa vidole. Alianza kitakoni. "Hapa nilikuwa nampiga thabai," alisema, kama anayejiambia mwenyewe. Akapanda na vidole polepole, mzunguko kwa mzunguko, hadi karibu na mdomo. Akasimama.

"Na huu mweusi, peke yake huku juu?"

Nilimwona mama akifungua kinywa, nikamtangulia. "Ni mimi, nyanya. Nilichana kitabu. Lakini sikuuma mtu."

Nyanya akamgeukia baba. "Aliyesuka hiki hakudanganya. Angetaka kudanganya, huu angeufumua." Akanirushia kiondo mapajani. "Abaki. Shangazi yake ana wa kutosha wa kuogopesha." Akanivuta, akanitemea mate kifuani, na mara hii mama hakuwa amesema lolote la kukingwa.

Chumba cha nasari sasa ni duka la vifuniko vya simu. Nesi alihamishwa, hatukujua wapi. Mwenye bucha alimpa mama ngozi ya mikanda ya kiondo. Bucha yake imefungwa, na mwanawe, nasikia, hatoroki tena. Nyanya amelala chini ya migomba, na thabai yake leo inauzwa mafungu Embu mjini kama mboga. Naipika, na kila mara miguu inakumbuka. Bado naogopa kukosea. Bado nafuta. Lakini naandika kwa Kiswahili, nilichojifunza mwenyewe kwa kusoma kipande chochote cha gazeti kilichofungiwa sukari, kwa sababu ndiyo lugha niliyosifiwa nayo.

Nilipokuwa nimekaa pale stoo, mama alisimama mlangoni. Aliona kiondo, akaona sakafu safi. Akafuta mikono kwa leso, akasimama wima.

"Nimefurahi kuona umeokota maharagwe!"

Chini ya gunia la mwisho, ndani kabisa, kulikuwa na harage moja limebaki. Nililiona vizuri. Nikaliacha.