Mama Hakika na nanga asiyoiamini mpaka aiguse

Saa mbili asubuhi, mwanamke wa miaka arobaini na minne anavuta pumzi ndefu, anaifuata kamba ya nanga kwa mikono na kuzama chini ya mashua ndogo ya tanga. Mwenye mashua, mwalimu mstaafu, ameinama ukingoni akihesabu kwa sauti. Amefika ishirini na sita kichwa kinapoibuka.

"Imekula mchanga mpaka shingoni," anasema mwanamke, akijipangusa uso. "Lakini kamba uliyoachia ni fupi, mwalimu. Ongeza."

Maji hapa yana kina cha mita nne, na mwalimu ameachia mita kumi na mbili. Anaona zinatosha na kubaki.

"Weka ishirini. Upepo ukija, kamba fupi inainyanyua nanga. Ndefu inailaza."

Mwalimu ananung'unika, lakini anaongeza.

Gatini wanamwita Mama Hakika, na jina hilo lilianza kwa kejeli. Kazi yake ni kutunza mashua za watu wanaokuja mwisho wa wiki tu: kukagua nanga, kubadilisha kamba zilizosagika, kukaa macho mashuani wenyewe wakilala. Zamani alikuwa na mashua tisa. Leo anazo nne, na malipo yake hayafiki tarehe ishirini, kwa hiyo nyumbani anashona matanga yaliyochanika.

Chumba chao kina kitanda, cherehani na kamba zilizotundikwa ukuta mzima. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, ameshazoea. "Nguo zangu ziko kwenye ndoo," anasema. "Kamba ndizo zina kabati."

Mama Hakika anacheka, kisha anaacha kucheka. Anajua swali letu linalofuata.

Miaka miwili iliyopita, baada ya chakula cha mchana, shemeji yake, mume wa dada yake, alijilaza mashuani mwake na watoto wake wawili. Mama Hakika alibaki macho, akishona tanga huku akilinda nanga. Pembeni ilikuwapo mashua nyeupe iliyotia nanga pia, akaifanya alama yake. Kila alipoinua kichwa, aliiona iko palepale.

"Kumbe zote mbili nanga zimeng'oka, tunaondoka pamoja," anasema. "Mimi naona tumetulia. Ningetazama nchi kavu mara moja tu, ningejua."

Mashua ilipasukia mwambani. Wote walitoka hai, ila mtoto mdogo alivunjika mkono. Tangu hapo, watani wa gatini wakimwona wanamuuliza, "Mama, una hakika?"

Hakuacha kazi. Alijifunza kupiga mbizi akiwa na miaka arobaini na miwili, akinywa maji ya kutosha na kuchekwa na waogeleaji wa umri wa binti yake. Siku hizi, kabla ya kukaa, anachagua vitu viwili nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja, mlango wa ghala na nguzo ya umeme nyuma yake. Vikiachana, mashua inahama. "Sichagui tena kitu chenye injini, wala chenye miguu," anasema.

Shemeji amejenga mashua mpya, na inashushwa majini Jumamosi. Tunamkuta akiipaka rangi nyuma ya nyumba yake. Anajibu bila kuacha brashi.

"Sina ugomvi naye. Akija hapa anakula. Lakini wanangu hawalali kwenye mashua aliyoitia nanga yeye."

Tunampelekea Mama Hakika maneno hayo. Anazungusha gurudumu la cherehani bila kushona. Yamemuuma, na hafichi.

"Ana haki," anasema. "Ila wale ni wanangu pia, dada yangu kawazaa. Siwezi kuvumilia kila wakienda majini nikae hapa natetemeka."

Ameshampigia dada yake simu kumwambia anachotaka, na dada ameahidi kukifikisha kwa mumewe. Jumamosi atakwenda. Ataomba aitie nanga mashua ile mbele ya shemeji, azame, aiguse. Kisha atahamia ndani na mkeka wake.

"Nitalala humo peke yangu wiki mbili, upepo wa kila upande upite nikiwemo. Ikihama, ihame na mimi. Isipohama, shemeji atawaleta watoto mwenyewe, nami nitarudi kwangu. Miaka miwili hii sijashiba usingizi."