Krismasi ya Kashojwa: jioni Mama Kalisa alipoonja pombe

Alhamdulillah, sifa zote ni za Mola aliyenifikisha umri huu nikiwa bado na kumbukumbu.

Wakuu, salaam. Hili nililiona kwa macho yangu, siongezi neno.

Miaka ya themanini niliuza chumvi na sabuni kwa baiskeli, kutoka Nyamityobora, Mbarara, hadi kambi ya Nakivale.

Jioni ya Krismasi mvua ikanikamata Kashojwa, kijiji cha mle kambini. Nikajikinga kwenye kilabu cha Mama Kalisa, mkimbizi mjane. Mimi Mwislamu, pombe siigusi. Alinipa uji, nikakaa mlangoni.

Ilikuwa sikukuu bila shangwe. Mtungi mmoja wa pombe ya ndizi, mirija, na watu wanaonong'ona.

Kwa desturi yao, mwenye pombe huonja kwanza, mgeni ajue haina sumu. Lakini Mama Kalisa aliweka nadhiri: hatatia pombe kinywani mpaka arudi mwanawe Kalisa, aliyekamatwa na wanajeshi kule Biharwe. Jirani yake mzee ndiye aliyemwonjea.

"Kalisa akichelewa," alitania, "mimi nitakufa na kiu."

Akaingia mwanajeshi, peke yake, amelowa. Yule jirani mzee akaonja.

"Hapana! Mwenye pombe ndiyo anaonja. Nyinyi nataka kuua mimi siku ya Krismasi?"

"Afande, nisamehe, siwezi," Mama akasema.

Mwanajeshi akashusha bunduki begani.

Nikaingilia: "Afande, si sumu. Ana nadhiri. Anamngoja mwanawe Kalisa, alichukuliwa Biharwe."

"Kalisa? Ile kijana ya kucheka-cheka, iko na kovu hapa?" Akagusa kidevu.

Mama akasimama. "Ndiye! Umemuona? Ni mzima?"

Yule mtu akavua kofia. Aliutazama mtungi, kisha akasema polepole:

"Mama, kunywa tu. Usingoje tena."

Mama hakupiga yowe. Aliinama, akavuta mrija mara moja, akampa mwanajeshi. Wakanywa, mvua ikinyesha.

Wakuu, nimesoma dini miaka mingi, na bado namwachia Mungu hesabu ya mtu yule. Angeweza kunywa akaenda zake. Nilichojifunza ni kwamba kumfungua mtu kutoka kwenye kungoja bure nako ni sadaka, hata kama kunaumiza.

Wewe ungemwambia, au ungenyamaza? Semeni, nitasoma kila jibu.

Uliyesoma hadi hapa, Mungu akurudishie unayemngoja. Na kama harudi, akupe subira, na mtu wa kukaa nawe.