Nilivyoifundisha Mashine Kuusifu Mwamba Unaokufa

Mpaka leo nikimwona mvuvi wa Feri mjini navuka barabara. Msicheke kwanza. Habari hii sijawahi kuisimulia yote, hata mama yangu anajua nusu tu, ile nusu isiyoniaibisha.

Nilikuwa nachambua mitumba soko la Mchikichini, belo likifunguliwa mimi ndiye nasema hii gredi ya kwanza, hii ya kufutia meza, na jicho langu halikosei (nilijisifu mno enzi hizo), ndipo Dokta Mhando, mama mtafiti wa bahari aliyekuwa mteja wangu wa magauni, akaniambia, "Zuhura, hilo jicho nalitaka mimi." Ofisi yao ilikuwa Kariakoo, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitenge. Walikuwa na roboti ya njano, saizi ya dumu la maji, inazama yenyewe na kupiga picha za matumbawe, halafu picha zinapewa akili mnemba itambue yapi yako hai na yapi yanakufa. Lakini mashine haizaliwi inajua, lazima mtu akae, picha moja baada ya nyingine, aiambie hii hai, hii mfu. Mtu huyo nikawa mimi.

Siku ya kwanza nilielekezwa harakaharaka nikaitikia kila kitu. Siku ya pili Dokta kasafiri, mimi nakutana na matumbawe meupe pee na mengine ya kahawia kama yana kutu. Sikujua. Kumpigia simu nikaona haya, atasema kaokota mtu wa sokoni. Basi nikatumia jicho la mitumba: jeupe ni safi, zima, la kahawia limechakaa. Hemedi, mtaalamu wa kompyuta kutoka Mtwara niliyekuwa nakaa naye meza moja, akaniuliza, "Dada Zuhura, haya meupe umemuuliza Dokta?"

"Nimemuuliza," nikasema, bila hata kupepesa. Neno moja tu hilo, jamani.

Dokta alirudi asubuhi ileile ya mkutano wetu na wavuvi, akaamini tulichomwandalia. Tukaenda Feri, soko la samaki, wavuvi wamejaa, wachuuzi, mama lishe, na ofisa wa serikali aliyekuja kuamua kama mwamba mmoja wa matumbawe kule visiwani, uleule tuliopiga picha, upumzishwe, usivuliwe wala kutiwa nanga. Wavuvi wenyewe ndio walioomba, maana samaki walikuwa wameadimika. Hemedi akawasha skrini, ramani yote kijani. Mwamba mzima kabisa.

Mzee Kombo, mzamiaji wa siku nyingi, akasimama. "Pale pamepauka. Nazamia pale tangu sijaota ndevu."

"Mzee wangu," ofisa akasema, "mashine haina sababu ya kudanganya."

Mzee akaisogeza ndoo yake. Akatoa kwenye ndoo kipande cha tumbawe kilichokauka, cheupe kama mfupa. Hemedi akakielekezea kamera. Mashine ikaandika: HAI. Watu wakaanza kunong'ona, ndipo mama lishe mmoja mwenye mdomo akasogeza sahani. "Na ugali je?"

HAI.

Soko likapasuka kwa kicheko, mmoja anapiga kelele "Ugali unapumua!", wengine wanashikana mabega, hata mimi nilianza kucheka, mpaka nilipouona uso wa Dokta. "Nani aliifundisha kwamba meupe ni mazima?" akauliza taratibu. Hemedi akanitazama. Akanitazama sana. Mimi nikainama kufunga kamba za viatu (nilikuwa nimevaa ndala).

"Ni mimi, Dokta," Hemedi akasema. "Dada Zuhura nilimwelekeza mimi."

Ofisa akafunga faili. "Mkipata mashine yenye akili, mniite." Mzee Kombo, ambaye hakucheka hata kidogo, akabeba ndoo yake. "Sasa nani atatuamini?" akauliza, akaondoka.

Wiki haikwisha Hemedi akaachishwa kazi. Mimi nikabaki kwenye kiti changu, nikafundishwa upya kwamba la kahawia ndilo lenye uhai, na kwamba lililopauka linakufa njaa ila halijafa bado, likipumzishwa linaweza kurudisha rangi. Halikupumzishwa. Msimu mzima nyavu na nanga ziliendelea, na roboti iliporudi kule ni mimi niliyezipitia picha, yale meupe yote yameota ukoko wa mwani. Mfu. Mfu. Mfu. Safari hii sikuwa na haja ya kumuuliza mtu.

Ndipo nikamweleza Dokta kila kitu. Hakufoka, alinyoosha mkono tu, nikampa funguo za ofisi. Jioni nikampigia Hemedi, aliyekuwa amerudi kwao Mtwara, nikakiri uongo wangu.

"Nilijua tangu siku ile Feri," akasema.

"Sasa mbona ulinitetea?"

"Sikukutetea, dada. Nilikupa nafasi useme. Ukainama." Akakata simu, na tangu hapo hajapokea tena.

Siku hizi nisichokijua nasema sijui, mbele ya yeyote, na anayetaka kucheka acheke. Nimeapa hivyo na kiapo nakishika. Ila ule mwamba haukuweza kunisubiri nijifunze.