Jicho la Anayejiliza

Naikumbuka siku ya mazishi ya mama mkwe, mwanangu, huku Kirua Vunjo. Nilikuwa bi harusi mpya, mwoga wa kusema mbele za watu, na shule yangu iliishia darasa la saba. Nilikaa jikoni namenya ndizi za mtori na kusikiliza.

Tulikuwa tumeshazika, pale kwenye migomba, ndipo wifi Anna akafika kutoka Dar es Salaam. Alilia tangu barabarani. Alipoliona kaburi alijitupa, akagaagaa kwenye udongo mbichi na gauni lake zuri, akimwita mama yake.

"Mwone anavyojiliza," alisema mama mmoja jikoni. "Krismasi zote hizi hakukanyaga hapa."

"Machozi ya Dar hayo," mwingine akadakia. "Akimaliza ataulizia shamba."

Wakacheka chinichini. Shemeji Aloisi, kaka yake Anna, hakucheka. Alisimama mlangoni, akamwambia, "Ukimaliza maigizo yako, panda gari urudi ulikotoka. Humu ndani huingii."

Mama mkubwa, dada wa marehemu, alikuwa ameketi pembeni. Mwanamke yule sijamwona mfano wake. Aliinuka taratibu, akaenda mpakani mwa shamba, akachuma jani la sale, lile tunaloombea msamaha huku kwetu. Akamwekea Anna mkononi. Halafu akatugeukia sisi wa jikoni.

"Kujiliza ni kulia huku jicho linatafuta nani anakuona. Huyu tangu afike amemtazama nani? Hata viatu hajui vilipo."

Kweli, kiatu kimoja kilikuwa kwenye mfereji.

Anna alimwendea kaka yake na lile jani.

"Kaka, nimekosa. Kila mwaka nilisema mwakani. Mama hakunisubiri."

Huku kwetu sale halikataliwi, lakini Aloisi alikitazama kwanza kile kiatu mferejini, ndipo akalipokea.

"Ingia, Anna," akasema. "Mtori wako unapoa."

Mwanangu, wanaojiliza wapo, nawe utakutana nao. Ila usimpachike mtu neno hilo kwa sababu ya sauti yake kubwa, wala kwa sababu alichelewa. Angalia kwanza macho yake yanakwenda wapi. Na Desemba ikifika, njoo nyumbani.

Mungu akupe mlango usiofungwa, na siku utakapolia, awepo mmoja wa kuinuka kwa ajili yako.